Mwaka wa Shravan Mbili

Hadi leo mtu akiniambia "subiri mwezi uishe", namuuliza: mwezi upi? Anacheka. Mimi sicheki.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kihindi, mjane mwenye duka la vitambaa hapa Kalemie. Jikoni kwake ndakala, dagaa wa ziwa letu, haikuingia, hata harufu yake. Alinifundisha kupika dengu, na jioni tukiwa barazani alinifundisha miezi yake. Kwao mwezi huitwa kwa nyota iliyo karibu na mbalamwezi siku inapopevuka. Ikipevuka karibu na kilimia, kile kile alichokitazama baba yangu kule Moba kabla ya kushika jembe, huo ni Kartik. Ikipevuka karibu na nyota ya Shravana, ni Shravan. Nilishika upesi, nikajiona mwerevu kweli.

Kiangazi kimoja bato, meli ya ziwani, ikaleta habari kutoka Moba. Macho ya mama yangu yalikuwa yanaingia ukungu, na jicho moja lilikuwa limeshazimika. "Mwambieni aje nimuone sura, ningali naona." Nikaomba ruhusa siku hiyo hiyo. Shravan ndiyo kwanza inaanza, na katika Shravan yule mjane alikula mara moja tu kwa siku, wala hakugusa chakula cha mkono asioujua.

"Shravan ikiisha utaenda, mama," akaniambia. "Mwezi mumoja tu."

Nikatuma jibu: nakuja mwezi ukifa. Nikautazama ukikua, ukipevuka, ukikonda. Nikanunua sabuni, sukari, na liputa, kitenge chenye maua makubwa mekundu, makusudi, ili mama ayaone bila taabu. Mwezi ulipokufa nikaenda kuaga, kifurushi mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Moba, Mama. Shravan imeisha."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Ile ilikuwa ya kuongeza. Shravan yenyewe njo inaanza kesho."

Nilidhani ananitania. Akanieleza, kwa upole ulionikera kuliko matusi: miezi kumi na miwili ya mbalamwezi haifiki mwaka mzima wa jua, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili na ushei huongezwa mmoja, nao hupewa jina la ule unaoufuata. Yeye angefunga yote miwili.

"Mbona haukuniambia?"

"Nilizani unajua. Si nilikufundisha miezi yote?"

Ningeweza kuondoka. Bato ilikuwa bandarini, nauli ninayo. Lakini niliogopa kukuta mwingine jikoni nikirudi, nikaweka kifurushi chini, nikawasha moto. Kwa miaka mingi nilimlaumu yule mjane, na miezi yake, na nyota zake. Siku hizi najilaumu mimi, na hasira haijapungua hata kidogo.

Mwezi wa pili ulipokufa sikungoja kuulizwa. Nilifika Moba na kumkuta mama mlangoni, uso ameuelekeza njiani. Nilimwamkia, akaijua sauti yangu, akanipapasa mashavu, pua, paji la uso. Nikamwekea liputa mapajani. Akaikunjua, akapitisha vidole polepole kutoka pindo hadi pindo.

"Kitambaa kizuri, mwanangu," akasema. "Njo rangi gani?"