Mwenye nyumba anayepanga kwenye nyumba yake

Saa moja asubuhi. Mwanamke aliyevaa viatu vya mpira anamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu mpya ya bafu, kisha anachuchumaa kuyatazama. Maji yanasita, yanajikusanya, halafu yanateremka taratibu hadi kwenye tundu la kona na kupotea.

"Hapo sawa," anamwambia fundi aliyesimama mlangoni na pimamaji mkononi. "Lakini pale ukutani yamebaki. Ongeza saruji."

"Yale ni ya kukauka tu, mama."

"Ukuta haujui ya kukauka na ya kukaa, mwanangu. Ongeza."

Fundi anacheka na kurudi kwenye karai lake.

Katika nyumba hii ya vyumba sita wapangaji humwita Mama Mwiko. Jina hilo, anasema mwenyewe, lina maana mbili: mwiko wa fundi, ambao haumtoki mkononi, na miiko yake, maana kwake ni mwiko kumwaga maji machafu uani.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Ni mshonaji tangu usichana wake, na mumewe alikuwa seremala. Walijenga chumba kimoja kimoja, kadiri walivyojaliwa. Mume alipofariki alimwachia nyumba, mabinti wawili ambao sasa wana familia zao, na shemeji ambaye mpaka leo ana kauli juu yake, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha wazazi wa mumewe.

"Watu wakisikia una nyumba ya kupangisha, wanadhani kazi yako ni kuketi ukingoja mwisho wa mwezi," anasema. "Nyumba ni kama mtoto mchanga. Ikinyamaza, usidhani imeshiba."

Kilichomhangaisha ni chumba cha tatu. Wapangaji hawakai. Mmoja aliondoka akisema amehamishwa kazi. Baada yake akaja mama mmoja muuza nguo na mtoto wake mdogo, naye akaondoka, akasema anataka kuwa karibu na ndugu zake. Wote waliaga vizuri na kushukuru. Chumba kikakaa kitupu miezi minne.

Shemeji, muuza vipuri vya magari, akaja na dawa yake: vigae, dari ya kisasa, geti jipya, kisha kodi ipande mara mbili.

"Shemeji, watu siku hizi wanapanga kwa macho," alimwambia. "Chumba kikimeta, mpangaji wa maana atakuja mwenyewe."

"Akija akaondoka kama wenzake?"

"Wengine watakuja."

Mama Mwiko alitaka kwanza kujua wapangaji wanaondokea nini. Alibeba godoro, cherehani na sufuria mbili, akahamia chumba cha tatu. Shemeji alipopata habari, alidhani amerukwa na akili.

"Kitanda usicholalia hujui kunguni wake," anasema mwanamke huyo. "Mimi vyumba vyangu nilikuwa navijua kutoka mlangoni tu."

Mwanzoni hakuona neno. Wiki ya pili, vitambaa vya wateja alivyovikunja karibu na ukuta wa nyuma vilianza kunuka uvundo. Aligusa ukuta, akaukuta baridi na unateleza. Rangi ilikuwa imefura malengelenge, na alipobonyeza moja, maji yakamchuruzika kidoleni. Upande wa pili wa ukuta huo lilikuwa bafu la wote, na sakafu yake iliinamia ukutani badala ya kuinamia kwenye tundu. Kila aliyeoga alikuwa akikinywesha maji chumba cha tatu.

Kisha akaanza kukohoa. Hapo akamkumbuka yule mtoto wa muuza nguo na kikohozi chake.

Alimfuata mama yake sokoni, kwenye meza ya nguo, akamuuliza sababu ya kweli ya kuhama. Yule mama alikunja na kukunjua blauzi ileile kabla ya kujibu.

"Ulitupokea vizuri, mama. Ningeanzaje kukuambia kwamba nyumba yako inamuumiza mwanangu?"

Aliporudi, Mama Mwiko alimwita shemeji yake na kumwomba aweke kiganja ukutani. Shemeji aliweka, akakiangalia kiganja, akakifuta kwenye suruali. Hakusema tena habari za geti, ingawa dari bado anaitaja mpaka leo.

Akiba yote iliingia kwenye bafu. Sakafu ilivunjwa, bomba likafukuliwa, plasta ya ukuta ikabanduliwa hadi kwenye tofali na kuachwa ikauke. Kwa wiki tatu wapangaji waliomba kuoga kwa majirani, na kinyozi wa chumba cha tano alinuna waziwazi.

"Nilimwambia atatufukuza kwa kututengenezea bafu," anasema kinyozi huyo. "Sasa nikipata kero simfichi. Nani mwingine ana mwenye nyumba wa kuja kulala kwenye kero yake?"

Muuza nguo hakurudi, kwa kuwa mtoto amezoea shule ya huko. Lakini alimleta mdogo wake wa kike apange chumba kile. Kabla ya kushusha mzigo wowote, msichana huyo alipapasa ukuta wa nyuma kutoka kona hadi kona. Kodi imepanda, ila kidogo, naye anaingia mwaka wa pili.

Bafu analolimalizia leo ni la pili, jipya, upande mwingine wa nyumba. Baada yake, Mama Mwiko atahamia chumba cha tano, ambacho kina joto la tanuri kwa kuwa dirisha lake linatazama ukuta, na kinyozi atahamia kwake kwa muda. Anataka kutoboa dirisha jingine upande wa upepo, kisha aendelee na vilivyobaki, kimoja baada ya kingine.

Na chumba chake mwenyewe, ambacho ubao wa dari umelegea na bati linavuja juu ya kabati?

Anajipangusa saruji mikononi.

"Mpangaji wa mle analalamika sana," anasema. "Lakini yeye ndiye ninayemwamini kwamba hatahama."