Rangi ya Ua la Mgomba

Kiharusi kilimkuta Mama shambani kwake Mkunya, akiokota korosho. Majirani walimkuta ameketi chini, kikapu kando, mdomo umekwenda upande, anajaribu kuwaambia jambo lisilotoka. Alipotoka hospitali nilimleta kwangu Newala mjini, nikamlaza chumba kimoja na binti yangu, ambaye alikuwa na miaka mitano na ndiyo kwanza ameanza darasa la awali.

Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea. Mguu ulianza kurudi mapema, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Mkono ukakataa. Maneno aliyapata kwa shida, na Kiswahili kilimchosha kuliko Kimakonde. Hospitali walimpa mpira mdogo wa kufinya asubuhi na jioni ili vidole viamke. Alifinya nikiwa namtazama. Nikigeuka, anausukumia chini ya mto.

"Mchezo wa watoto," alisema nilipomuuliza.

Kilichomuumiza zaidi ni kulishwa. Alitulea peke yake kwa jembe, sisi wote, na sasa nilikuwa nikimpa ugali wa muhogo tonge kwa tonge huku ametazama ukuta. Siku moja akaniambia, akitua kila baada ya neno, "Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Hawakusema mkungu ukiubeba mgomba inakuwaje."

"Inakuwa hivi hivi, Mama," nikamjibu. "Meza kwanza hilo."

Hakucheka. Alimeza.

Muhula huo mwalimu wa binti yangu alikuwa akiwafundisha matunda kwa karatasi za kupaka rangi. Ilipofika zamu ya ndizi, mtoto alirudi nyumbani na picha kadhaa: mgomba mzima, mkungu na ua lake, chane, na ndizi iliyomenywa nusu. Chini ya kila picha neno lilikuwa limeandikwa kwa vitone ili alifuatishe kwa penseli. Ndizi alizozijua yeye ni zile za sokoni, zilizopanda na magari kutoka bondeni. Huku juu kwetu, kwenye mchanga na shida ya maji, mgomba ni wa kutafuta. Basi chane na ndizi alizimaliza haraka kwa rangi ya njano, akakwama kwenye lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu. Nilikuwa napika, mlango uko wazi, nikawasikia.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Ua."

"La rangi gani?"

Mama alizaliwa bondeni, karibu na Ruvuma, akakulia kwenye migomba. Huku juu aliletwa na ndoa. Rangi aliijua, ila neno halikuja. Alilitaja kwa Kimakonde, na mtoto hakuelewa, kwa sababu mimi na baba yake tulimzoeza Kiswahili. Nilitaka kwenda kuwasaidia, nikasita. Kisha nikasikia kalamu za rangi zinamwagika. Nilipochungulia, Mama alikuwa ameinamisha kopo juu ya mkeka kwa mkono wa kushoto, anazipekua. Alichukua ya zambarau, akapaka kidogo, akatikisa kichwa. Akachukua nyekundu, akapaka juu yake.

"Hii," akasema.

Tangu hapo wakawa wanapaka pamoja kila alasiri. Mama alitumia kushoto mpaka mtoto alipomkataza. "Mwalimu anasema tushike kwa mkono huu," alimwambia, akaunyanyua ule mkono uliolala, akatia kalamu katikati ya vidole na kuvikunja kimoja kimoja. Kalamu ilianguka. Akaiokota, akavikunja tena, bila kuona aibu na bila kumwonea huruma. Mimi nisingeweza. Mimi ningelia.

Halafu akaja jirani yangu kumjulia hali. Ni mtu mwema, huleta uji. Alipomkuta Mama na karatasi mapajani akasema, "Jamani, bibi yetu karudi chekechea." Alitania tu. Mama aliivuta kanga akaifunika karatasi. Kuanzia siku hiyo, mtoto akileta kalamu, bibi yake anageukia ukutani.

Wiki hiyohiyo binti yangu alirudi kutoka shuleni amenuna. Mwalimu alikuwa amemuuliza nani anampakia rangi, naye hakujibu. Asubuhi nikampeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa msichana mdogo, akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza yote: kiharusi, mpira, jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati akatoa karatasi safi za ndizi.

"Hizi ni za Bibi," akasema. "Mwambie Ijumaa nazikusanya."

Nilipofika nyumbani nikaziweka kitandani. "Mwalimu amekuletea kazi. Ijumaa anaitaka."

Mama alizitazama. "Mwalimu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akanyoosha mkono wa kushoto kutaka kalamu, akaipachika kwenye ule wa kulia. Jirani alipopita tena, kanga haikuguswa. Mama alimwambia tu, "Nina kazi ya shule."

Kazi yake ilitoka nje ya mistari kila mahali, lakini alikuwa na msimamo. Majani ya mgomba aliyaachia mianya, kwa kuwa upepo huyachana. Pembeni ya shina alichora vijiti viwili vilivyopinda. Mtoto akamuuliza ni nini.

"Machipukizi. Watoto wake. Mgomba ukishazaa, unakatwa. Hawa wanabaki, wanakua."

"Unakufa?"

"Ndiyo."

Mtoto akaweka kalamu chini. "Na wewe, Bibi?"

"Mimi si mgomba," Mama akasema. "Nipe kijani."

Ijumaa mwalimu aliweka vema kubwa jekundu kwenye zote, akamtumia za papai.

Mkono haukurudi wote. Jembe hashiki tena. Lakini ilipofika zamu ya nanasi alikuwa anakula kwa kijiko mwenyewe, akimwaga kidogo, na hakuna aliyeruhusiwa kumfuta. Shule zilipofungwa alisema anataka kwenda bondeni kumwona kaka yake, tukashuka wote watatu.

Nyuma ya nyumba ya mjomba kulikuwa na migomba, mingine ina mikungu. Binti yangu aliusogelea mmoja, akagonga shina kama mtu anayebisha hodi, akashangaa lilivyo laini. Mkungu ulikuwa umeinama chini kiasi cha yeye kufikia lile ua. Alifunua ganda moja, akakuta safu ya vindizi vyembamba, kila kimoja kina ua lake dogo jeupe nchani. Alivihesabu kwa sauti, akivunja kimoja baada ya kingine aone ndani, mpaka utomvu ukamchirizika hadi kwenye gauni lake la sikukuu.

Nikamfokea, kwa sababu utomvu wa mgomba ukikauka hautoki nguoni.

"Mwache," Mama alisema kutoka kwenye kiti alichowekewa kivulini. Alikuwa anacheka, mdomo bado umeenda upande kidogo. "Anasoma."