Mstari wa Bibi Arusi

Ko, ko, ko. Ndivyo ninavyoikumbuka asubuhi yangu ya kwanza Giheke, mwanangu: panga likichonga miti nyuma ya ukuta, na mimi nimelala kitandani sijui ni nani anayechonga wala anachonga nini. Nilikuwa bibi arusi. Kwa desturi ya huku bibi arusi hukaa ndani, hagusi jembe wala haonekani nje, mpaka siku ya kumfunua. Kwa hiyo bustani ya mama mkwe wangu niliifahamu kwa masikio kwanza.

Sikuwa na furaha, nikuambie ukweli. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo tu ya daraja la mpakani, penye muziki na dada zangu na kelele za soko. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama, akarudi nyumbani mara mojamoja, nywele zake nyeupe kwa vumbi. Nikampa mwanamke mmoja mfanyabiashara ujumbe kwa kaka yangu: mvua zikipungua, njoo unichukue. Sote nyumbani tulijua kwamba nikilivuka lile daraja na mizigo, ndoa imekwisha. Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, alijua pia. Hakuninunia hata siku moja.

Siku niliyotolewa nje alinishika mkono akanipeleka bustanini. Mvua za umuhindo, zile za Septemba, zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa mwekundu, laini kama ugali wa moto. Maharagwe yake yote yalikuwa tayari yanapanda miti, isipokuwa mstari mmoja pembeni. Huo haukuwa na mti hata mmoja. Mimea ilikuwa imesimama inayumba, ncha zake zikipapasa hewa.

"Hii ni yako," akasema. "Kwetu bibi arusi akiingia, tunamupandia mustari. Miti atachomeka yeye mwenyewe."

"Mabukwe, mi sijuwe kulima."

"Nani amekuomba kulima? Chomeka miti. Ukitaka kuenda kwenu, utaenda. Lakini mimi hii mustari sitaigusa."

Siku hiyo nzima nilichomeka ile miti niliyoisikia ikichongwa nyuma ya ukuta. Kisha, kwa kuwa nilitaka kazi ionekane nzuri, nikaushika kila mmea na kuuzungusha kwenye mti wake, kama mtu anayemsuka mtoto nywele. Asubuhi nikakuta mimea yote imejinasua, inaning'inia. Mabukwe alisimama nyuma yangu, mkono mdomoni.

"Mukazana wangu, umegombana na maharagi?"

"Niliyazungusha vizuri."

"Umeyazungusha kwa upande yenye haipendake. Angalia hii, angalia na ile. Yote inazungukaka hivi. Hata muntu wa Bukavu hawezi kuyageuza."

Nikaangalia. Ni kweli, mwanangu. Kila mmea katika bustani ile ulizunguka mti wake kwa upande uleule, bila kufundishwa na mtu. Nilikuwa nimekula maharagwe maisha yangu yote na sikuwahi kulijua jambo hilo. Nikapiga magoti kwenye tope na kuanza upya, na katikati ya mstari nikagundua kwamba ninaimba.

Tangu hapo nikawa ninatoka naye kila asubuhi. Mara nyingi hapakuwa na kazi yoyote. Nikamuuliza, "Leo tunafanya nini?"

"Hakuna. Niko nakuja kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Macho nayo inasikiaka njaa," akasema, akainama kunusa jani la nyanya kama wengine wanavyonusa manukato.

Mwanamke yule nilimpenda. Alitembea bila viatu ili ajue udongo umelowa kiasi gani. Inyamanza, kale kandege keusi na keupe kanakotikisa mkia, kalimfuata nyuma ya jembe na yeye alikasalimia kwa heshima kama jirani. Miaka iliyofuata alinionyesha kila majira kwa zamu. Wakati wa urugaryi, jua fupi la baada ya Noeli, tulianika maharagwe uani yakipasuka yenyewe. Wakati wa itumba, yaani masika, mvua ilitufungia ndani, naye akavuta kiti kizingitini, akaitazama ikija juu ya ziwa kama mgeni anayengojewa. Na kiangazi kirefu kilipokausha mlima, tulishuka bondeni kulima mboga kwenye unyevu, korongo wenye taji wakitupita karibu kabisa bila woga.

Lakini nimekimbia mbele. Kaka yangu alikuja Desemba, maganda ya maharagwe yangu yakiwa yameanza kugeuka manjano.

"Chukua mizigo, pikipiki iko inangoja barabarani."

"Umwambie maman ninabaki. Maharagi yangu iko karibu kukauka."

"Unaacha Bukavu juu ya maharagi?"

"Njoo uyaone kwanza."

Akaja, akiwa na viatu vyake vya Jumapili, akasimama kwenye mstari wangu. Akaufuata mmea mmoja kwa kidole. Kisha akauliza kwa nini yote imezunguka upande mmoja, na Mabukwe akageukia ukuta ili asicheke.

Mwanangu, wewe unayeitazama mvua kwenye simu, sikia ninalokuomba. Kila mahali utakapopelekwa na maisha, panda kitu, hata kama ni kwenye ndoo iliyotoboka, kisha ukitembelee siku ambayo hakina kazi ya kukupa. Usiharakishe kusema mahali fulani hapakufai kabla hujaona majira yake yote. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na macho yasiyoshiba.

Kaka alikunywa uji, akapewa majani ya maboga ya kumpelekea mama. Aliniangalia mara moja tu, akatabasamu, akatoka, na mimi nikaufunga mlango nyuma yake.