Sindano ya Fundi wa Mawe

Fundi wa mawe ya vito pale sokoni Bariadi hukwaruza kila kitu kabla ya kukiamini; akifika mbinguni, naye Petro Mtakatifu atatakiwa kuleta funguo zijaribiwe. Hulamba kidole, hupangusa jiwe, kisha hubana pumzi na kuvuta juu yake sindano yenye ncha ya almasi. Akigusa kidogo, jiwe hulimika mfereji laini, bila hata vumbi. Akikandamiza, kingo humomonyoka kama udongo mkavu wa mashamba ya Nkoma mbele ya plau ya ng'ombe.

Juzi nikiwepo, binti Nyanjige alimletea pete ya uchumba aliyovishwa na mchumba wake Danford, na Jumapili ndoa yake inatangazwa kanisani.

"Danford kasema ni almasi," alimwambia.

Fundi akagusa, akachungulia kwa lenzi. Mfereji huo hapo.

"Mayu, mama yangu, almasi hailimiki hivi. Hili ni jiwe tu."

"Kandamiza tuone!"

Akaiweka sindano chini. "Litamomonyoka, na pete bado unaitaka."

Nyanjige akainama. "Yeye alijua?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona fundi akimtazama mtu bila lenzi.

"Kamuulize leo. Ila anza polepole, mayu. Akimomonyoka mapema, utakosa wa kukujibu."