Mashua ya Kandambili

Jana nilipasha msumari moto nikatoboa kandambili kuukuu ili nimtengenezee mwanangu mashua. Ule moshi wa mpira ulipoingia puani, nikamwona baba.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mtaani kwetu Bigwa hata watu wazima walipunguza sauti akipita. Siku moja, mvua ilipokatika, alitukuta sisi watoto tumeshindwa kutengeneza mashua. Akachukua kandambili iliyokatika kamba, akaichonga kwa kisu, akaitoboa kwa msumari wa moto, akachomeka kijiti na kukifungia tanga la mfuko wa nailoni. Tukaiweka kwenye mfereji uliojaa maji ya mlimani.

Ikakimbia. Baba akakunja suruali, akaingia majini akaifuata huku akiiamuru, "Pinda kushoto, nimesema kushoto," na sisi nyuma yake. Kwenye kona akakutana uso kwa uso na bibi, mama mkwe wake, aliyekuwa akishuka mlimani na kapu la mboga kichwani.

"Shikamoo mama," baba alisema, matope yamemfika magotini.

"Marahaba. Umepatwa na nini, baba?"

"Nafuata mashua, mama."

Bibi akaitazama mashua, ambayo sasa ilikuwa imelala ubavu. Akatua kapu.

"Tanga lako kubwa mno."

"Si kubwa, mama. Upepo ndio mbaya."

Mama alipokuja kutuita chai, aliwakuta wamechutama mferejini wakibishana, na sisi watoto tumesimama pembeni tukingoja watuachie na sisi tucheze.