Utando Mweupe wa Kiunoni

Alipokwenda kujiandikisha chuo cha fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, karani alimwambia wazazi wasubiri nje. Mama huyo, aliyekwisha kuoza binti na kuitwa bibi, alicheka mpaka akashika mlango, kisha akasema mwanafunzi ni yeye. Miaka mingi alikuwa mhudumu wa wodi, akiwageuza wagonjwa vitandani na kuwasugua migongo, na siku zote moyo ulimsukuma kutaka kujua kilichopo chini ya ngozi ile. Wanafunzi wenzake, vijana wa rika la wanawe, walimbandika jina la Bi Mkubwa. Hakuchukia. Elimu haina mwisho.

Siku aliyoingia chumba cha anatomia kwa somo la mgongo, nusu ya akili yake ilikuwa nyumbani. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa ameinua mfuko wa saruji huku amejipinda, kiuno kikamkaba kama kimebanwa na koleo. Hospitali walimpima wakamwambia hakuna kilichovunjika, apumzike kidogo kisha aanze kutembea. Lakini mama mkwe, aliyekaa nao, alishikilia kwamba mgongo ni nguzo, na nguzo ikitikisika haiguswi. Mume akamsikiliza mama yake. Akalala chali akiitazama dari, hata kujigeuza akaogopa, na wiki zikapita.

Chumba kilikuwa cha baridi, kinanuka dawa. Juu ya meza ya chuma alilala mzee mmoja aliyeacha wosia kwamba mwili wake utumike kufundishia. Mhadhiri, mwanamke mwembamba asiyependa makelele, aliwataka kwanza wasimame kimya kumheshimu. Kisha akaifunua ngozi ya mgongo iliyokwisha kutengwa, na Bi Mkubwa akasahau baridi.

Alitarajia kuona nyama. Badala yake aliona utando mweupe unaong'aa, umetanda kiunoni kote, kuanzia mbavu za chini hadi juu ya makalio. Akainama karibu. Nyuzi zake, nyingine zilishuka kutoka kushoto kwenda kulia, nyingine kinyume chake, zikapishana katikati kana kwamba mtu alikaa akazisuka. Mhadhiri akamwambia aweke mkono kwenye msuli wa kalio la kulia. Yeye mwenyewe akauvuta ule msuli mpana unaoshuka kutoka kwapa la kushoto. Bi Mkubwa akausikia mvuto ule kiganjani mwake, umekatiza mgongo mshazari na kuja kumpata alipo.

"Mvuto umefika," alisema. "Mwalimu, umefika huku."

"Ndivyo unavyotembea," mhadhiri akamjibu. "Mkono huu na mguu ule, utando huu ndio unaovishikanisha."

Wakaendelea kushuka tabaka kwa tabaka. Chini ya misuli minene wakazikuta kano, kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Moja ilipita juu ya ncha za pingili za uti wa mgongo kama mshono. Nyingine fupi fupi zilijaza nafasi kati ya ncha na ncha. Nyingine nene, kulia na kushoto, zilikamata pingili ya chini kabisa ya kiuno zikaifunga kwenye mfupa wa nyonga. Ndani kabisa zilikuwamo za manjano, ambazo kwa mtu aliye hai hunyumbuka akiinama, kisha humsaidia kusimama tena. Bi Mkubwa alitamani kupiga vigelegele, ila chumba kile si mahali pake. Wenzake walipotoka kunywa chai, yeye alibaki kuuliza habari za mumewe. Mhadhiri akamwambia kwamba kano zikijeruhiwa huuma sana, lakini hupona, na mwendo wa taratibu huzifaa kuliko kitanda. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukileta shida, amrudishe hospitali mara moja.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Akaanza kueleza kabla hajavua viatu, akachukua chaki ya kazi ya mumewe na kumwomba ageuke amchoree mgongoni.

"Mke wangu, umeniona ukuta?" mume aliuliza.

"Ukuta ungekuwa na kamba hizi, usingepata ufa."

Mume akakataa kugeuka. Basi mkewe akamgeukia mama mkwe, akamwomba kwa adabu atembee chumbani huku amejishika kiuno kwa viganja vyote viwili. Mama mkwe alinung'unika, lakini alitembea. Akafika dirishani, akasimama, akarudi polepole, vidole vikisikiliza. Akaenda tena. Chini ya viganja vyake upande mmoja ulikaza na mwingine ukalegea, kila hatua kwa zamu yake.

"Kumbe si nguzo," alisema mwishowe, akamtazama mwanawe. "Baba, amka."

Aliamka, jasho likimtoka, akaufikia mlango akarudi. Kesho yake maumivu yalizidi, akamlaumu mkewe siku nzima, naye Bi Mkubwa akanywea, akajiuliza kama furaha yake ilimponza mwenzake. Aliyekataa kukata tamaa ni mama mkwe. Asubuhi na jioni alimshika mwanawe mkono wakazunguka uani, akimkemea kila aliposhusha mabega. Taratibu uani pakawa padogo, wakatoka barabarani.

Siku ya mtihani wa mdomo, Bi Mkubwa aliulizwa kuhusu utando wa kiuno. Alieleza kwa mikono, kwa mabega, na kwa hatua chache mbele ya meza, mpaka mtahini akamwambia inatosha. Alipotoka langoni alimkuta mumewe amesimama, vumbi limejaa viatuni. Alikuwa amekuja kwa miguu. Alitaka kumwambia jambo, lakini mkewe alimshika mkono akamtangulia kwa maneno, akimweleza kwamba wiki ijayo darasa lao litaanza somo la shingo.