Siku Nilipomwambia Mama Kwamba Dada Ametajwa

Kosa lilikuwa langu, ingawa si lote. Nimejaribu kuligawa mara kadhaa kwenye daftari hili, na kila mara fungu langu linatoka kubwa.

Dada yangu ni mtaalamu wa fizikia ya nyuklia, anafundisha chuo kikuu Ulaya. Mimi niliishia kidato cha pili, natengeneza baiskeli Dutwa. Mama yetu, aliyeko Nkololo, hapendi simu, anasema inamchemsha sikio. Kwa hiyo habari za dada humfikia kwa mdomo wangu.

Asubuhi moja dada alipiga akasema anakuja likizo, na kwamba amekuwa profesa. Nikamuuliza cheo kimetokana na nini, maana mama angeuliza. Akasema kazi zake zimenukuliwa sana: mtu akiandika utafiti wake, anaandika na jina la dada, kuonyesha alichochukua kwake. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Nikaendesha baiskeli hadi Nkololo. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwambia kwa Kisukuma chetu cha nyumbani, "Mayu, mwanao ametajwa. Watu wa nchi nyingi wameandika jina lake kwenye karatasi."

Mama akaweka gunzi chini.

Kwetu, ng'ombe wakiibwa, kijiji huitwa uwanjani. Kila mtu hupewa kikaratasi aandike jina la anayemshuku, kisha vinasomwa. Ukitajwa sana, heri uwe na ndugu mkoa mwingine. Mjomba wetu alitajwa hivyo. Wale ng'ombe walionekana baadaye, walikuwa wamepotea tu, lakini mjomba yuko Geita hadi leo. Sitaki kuonea utaratibu huo; wezi wa kweli nao wamewahi kupatikana kwa njia hiyo.

"Wamemtaja wangapi?" mama akauliza.

"Wengi mno," nikasema kwa fahari. "Na kila mwaka wanaongezeka."

Mama akauliza dada ameiba nini.

Hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Nikaeleza kwamba dada hakuchukua kitu, wao ndio waliochukua kwake. Mama akasema basi aliyeibiwa ni yeye, kwa nini atajwe yeye? Hata sasa swali lile naona lina haki. Akaamua: hakuna mbuzi, hakuna wageni, na dada akifika apitilize Geita kwa mjomba wake.

Dada aliposhuka kwenye basi Dutwa, nilifunga begi lake kwenye keria, tukatembea. Njiani nikakiri. Alicheka hadi akakaa chini. Nilipomwambia kuhusu Geita, akaacha kucheka.

"Mama anaamini mimi mwizi?"

Nikasema hapana, anaamini umetajwa. Akatangulia mbele hadi tukafika.

Alipiga magoti akamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia bila kumtazama. Profesa akabaki hapo hapo kwenye vumbi, akaanza kuzungumzia dume la madoa la marehemu baba. Majirani walikuwa wakileta mitamba wao kwa dume hilo wapandwe. Mpaka leo, ndama wa madoa akizaliwa Nkololo, watu husema huyu ni wa dume la fulani. Hakuna aliyewahi kutuletea ndama, lakini wanasema.

Mama akamtazama. "Kwa hiyo wanaandika kwamba hiki tulikipata kwako."

"Ndiyo, mayu."

"Na wote wanakutaja kwa wema?"

Niliomba kimoyomoyo adanganye. Hakudanganya. Alisema wapo wawili walioandika kwamba alikosea vipimo, na mmoja wao yuko sahihi.

Mama akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akasema hata dume la baba yetu lilizaa ndama mmoja kilema, na tulimla vizuri tu. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nimeshika baiskeli kama mtu anayejiandaa kukimbia.

"Wewe kamlete mbuzi. Na ukienda kuandika kwenye hilo daftari lako, mtu asitajwe."

Mbuzi nilimleta. Na majina, kama unavyoona, sijaandika hata moja.